Biashara ya kutunza vidimbwi vya kuogelea yahitaji vipimo

VIDIMBWI vya kuogelea si anasa ya mahoteli ya Diani, Nyali na Malindi pekee. Vimo pia shuleni, katika majumba ya kukodisha na katika makazi ya watu binafsi jijini Nairobi. Kila kimoja huhitaji mtu wa kukitunza, na hapo ndipo penye riziki kwa mwenye bidii na mtaji wa wastani.

Hata hivyo, wapo wanaoingia katika kazi hii wakidhani kuwa wavu wa kuokotea majani na brashi ya mpini mrefu vinatosha. Hilo ni kosa. Maji yanaweza kumeta kama kioo ilhali yamebeba viini vya maradhi ya tumbo, ngozi na masikio. Mteja huvutiwa na maji maangavu, lakini anachostahili kuuziwa ni maji salama. Asiyejua tofauti hiyo anahatarisha watoto wa wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kujua kiasi cha maji. Zidisha urefu kwa upana, kisha kwa wastani wa kina. Kidimbwi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na wastani wa kina cha mita 1.5 kina mita 75 za ujazo, yaani lita 75,000. Bila hesabu hii, dawa hutiwa kwa kubahatisha, nayo bei anayotajiwa mteja huwa vivyo hivyo.

Pili, pima maji kabla ya kutia chochote. Klorini yafaa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita, nayo pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Viwili hivi hutegemeana. pH ikifika 8, takriban robo tu ya klorini iliyomo ndiyo hubaki katika hali yenye nguvu ya kuua viini. Ndiyo maana mtu huweza kumimina dawa kila siku na bado mwani ukaota kwenye kuta. pH hushushwa kwa asidi na hupandishwa kwa magadi yaliyosafishwa kiwandani.

Tuseme klorini uliyonunua ni ya unga yenye nguvu ya asilimia 65. Ili kuongeza miligramu 1 kwa kila lita katika kidimbwi tulichotaja, gramu 115 hivi zatosha. Itie jioni, kwa kuwa jua kali huimaliza kwa saa chache.

Aidha, dawa haifai kitu maji yasipozunguka. Pampu inayosukuma mita 10 za ujazo kwa saa itachukua saa saba na nusu kupitisha kiasi hicho cha maji kwenye kichujio cha mchanga. Shinikizo la kichujio likipanda, geuza mkondo wa maji ili uchafu ulionaswa utoke. Maji yakivurugika kwa vumbi au mvua, shabu husaidia chembechembe kushikamana na kutua chini, kisha ukazifyonza. Na iwapo sakafu ya upande wenye kina kirefu haionekani, mshauri mteja akifunge kidimbwi, kwani anayezama humo hataonekana.

Dawa hizi pia ni hatari kwa anayezishika. Kamwe usichanganye klorini na asidi, maana hutoa gesi yenye sumu inayoweza kuua. Usichanganye aina mbili za klorini, hata kwa kutumia kopo moja. Unapozimua, tia dawa ndani ya maji, wala si maji juu ya dawa. Glavu, miwani ya kukinga macho na mabuti ni gharama isiyoepukika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake.

Kuhusu bei, jumlisha dawa, usafiri, mishahara na uchakavu wa vifaa kabla ya kuongeza faida. Anayetaja bei ya chini ili apate kandarasi huishia kupunguza dawa, na anayeumia ni muogeleaji. Mkataba ueleze ni nani anayenunua dawa, ni nani anayetengeneza pampu ikiharibika, na utafika mara ngapi kwa wiki.

Vilevile, sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA na leseni ya kaunti. Jiandae kutoa ankara za eTIMS, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu za kodi za mteja.

Mwisho, weka daftari katika kila kidimbwi: tarehe, saa, klorini, pH na dawa iliyotiwa. Siku mtoto atakapougua na wewe kunyoshewa kidole, daftari hilo ndilo litakuwa shahidi wako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jina jema la fundi nalo hupotea vivyo hivyo.