Hadhira na Adabu Zake: Historia Fupi ya Mtazamaji wa Tamthilia

Utangulizi

Wahakiki wa tamthilia katika Afrika ya Mashariki wameandika mengi kuhusu watunzi, kiasi kuhusu waigizaji, na machache mno kuhusu hadhira. Mtazamaji anapotajwa, mara nyingi hutajwa kwa lawama: kwamba alicheka mahali palipopasa kulia, kwamba alimjibu mhusika aliyekuwa jukwaani, kwamba alimweleza jirani yake jambo litakalotokea kabla halijatokea. Nyuma ya lawama hizi kuna kigezo ambacho hakisemwi waziwazi, nacho ni kwamba mtazamaji mstaarabu ni yule anayeketi kimya gizani hadi pazia lifungwe, ndipo apige makofi na kwenda zake.

Makala haya yanakusudia kukipima kigezo hicho kwa mizani ya historia. Tutaonyesha, kwanza, kwamba ukimya huo ni desturi changa hata huko ulikotoka. Pili, namna ulivyofika Nairobi. Na tatu, kwamba hadhira zetu zilikuwa na zingali na adabu zake, ambazo hazifanani na fujo. Mwishoni tutauliza swali linalotuhusu sisi walimu wa fasihi moja kwa moja: je, tunapofundisha tamthilia, tunamfundisha mwanafunzi kuwa mtazamaji wa namna gani?

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Hadhira ni neno la asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa hudhuria, mahudhurio na hadhara. (Hadhari, yaani tahadhari, si wa ukoo huu ijapokuwa matamshi ya Kiswahili yamewafananisha.) Hadhira basi si wasikiaji tu, wala si watazamaji tu, ni waliohudhuria. Lugha imewatambulisha kwa kuwapo kwao mahali na wakati mmoja na wanaoigiza. Mtu aliyehudhuria harusi au baraza hatarajiwi kuwa kama nguzo ya nyumba. Ana nafasi yake, na ana zamu yake ya kusema.

Ukimya una umri wake

Ukumbi wa Globe uliojengwa London mwaka 1599, ambao ndio ulioonyesha tamthilia nyingi za Shakespeare, haukuwa mahali pa kimya. Maonyesho yalifanywa mchana, chini ya mwanga wa jua, na aliyelipa peni moja alisimama uwanjani, karibu na miguu ya waigizaji. Mwigizaji aliwaona watu wake na watu waliona kwamba wameonekana. Hali hii haikwisha tamthilia zilipohamia ndani ya majumba, kwani mishumaa, na baadaye taa za gesi, iliangaza upande wa watazamaji kama ilivyoangaza jukwaa.

Katika hali hiyo hadhira ilikuwa na nguvu, na wakati mwingine nguvu ya kutisha. Mwaka 1809, wenye ukumbi wa Covent Garden, London, walipopandisha viingilio baada ya kuujenga upya kufuatia moto wa mwaka 1808, watazamaji waligoma humo humo ndani kwa zaidi ya usiku 60, wakipiga kelele na kucheza hadi bei za zamani ziliporudishwa. Huko Paris, katika miaka ya 1830, ukumbi wa Opera ulikuwa na wapiga makofi wa kulipwa waliopangwa kama jeshi. Yaani hata sifa ilikuwa bidhaa ya kununuliwa. Na huko New York, tarehe 10 Mei 1849, ushindani baina ya wafuasi wa Mmarekani Edwin Forrest na wale wa Mwingereza William Macready ulizusha ghasia nje ya ukumbi wa Astor Place. Askari walifyatua risasi na watu zaidi ya 20 wakafa. Chanzo kilikuwa nani aigize Macbeth, lakini kilichopiganiwa hasa ni nani mwenye haki ya kusema lipi jema: matajiri wa vyumba vya juu au wafanyakazi wa mjini.

Hatimaye matajiri walishinda, na walishinda kwa njia ya taa. Mwaka 1876, Richard Wagner alipofungua ukumbi wake mjini Bayreuth, upande wa watazamaji ulitiwa giza. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy wa London ulitiwa taa za umeme, na tangu hapo ikawa rahisi kuzima upande mmoja na kuwasha mwingine. Viti vikapigiliwa sakafuni, bei za viti vya karibu zikapanda, na aliyezoea kusimama na kujibu akapelekwa nyuma na juu, kisha akahamia kwenye burudani nyingine. Ukimya, kwa hiyo, haukuteremka pamoja na sanaa yenyewe. Ni mazao ya karne ya 19, ya umeme na ya utengano wa matabaka.

Ukimya wafika Nairobi

Desturi hii ilipofika kwetu ilikuwa na umri usiozidi miaka 80, lakini ilifika imevaa joho la ukale. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Donovan Maule na mkewe walianzisha mjini Nairobi kikundi cha tamthilia kilichowatumikia hasa Wazungu wa mji huo. Mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, ukafunguliwa Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza. Aliyeufungua ni Ralph Richardson, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza. Jengo lenyewe lilikuwa somo tosha: jukwaa la fremu na pazia, viti vya safu, giza kwa watazamaji. Aliyeingia humo alifundishwa na usanifu wa jengo namna ya kukaa.

Uhuru wa mwaka 1963 haukubadili mambo haya mara moja. Ubishi ulipamba moto mwaka 1976, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa tamasha la FESTAC lililofanyika Nigeria mwaka 1977. Tamthilia mbili ziliteuliwa: The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, iliyoongozwa na Seth Adagala, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Kupata siku za kuzionyesha katika ukumbi ulioitwa wa taifa kulikuwa vita, kwa kuwa maonyesho ya kigeni yalikwisha kupewa nafasi. Hatimaye zilionyeshwa mwezi Oktoba. Ngũgĩ amesimulia kwamba onyesho la Kimathi lilipomalizika, waigizaji walishuka wakiimba, watazamaji wakajiunga nao, na umati ukatoka nje hadi barabarani ukicheza. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna aliyewafundisha watu hao kufanya vile. Waliukuta mpaka kati ya jukwaa na viti, wakauvuka. Wasomaji wa Kiswahili waliipata tamthilia hiyo mwaka 1978 kwa jina la Mzalendo Kimathi.

Adabu ya kuitikia

Walitoa wapi desturi hiyo? Tuanze na fanani wa ngano. Asemapo "Paukwa!" hawezi kuendelea hata neno moja mpaka aitikiwe "Pakawa!" Ukimya hapa si heshima. Ni dalili kwamba wasikilizaji wamelala au wamekataa hadithi. Hata hivyo mtoto anayeitikia mahali pasipo pake hukemewa. Ziko sheria, ila si sheria za kunyamaza. Ni sheria za zamu.

Mfano wa pili ni taarab. Katika onyesho la taarab, Unguja au Mombasa, msikilizaji aliyeguswa na ubeti huinuka, hujongea mbele kwa madaha, na kumtunza mwimbaji kwa fedha. Tendo hili ni uhakiki kamili. Anayetunza husema kwamba ubeti huu umenipata. Na akipita karibu na mtu fulani huku akiutingisha mkono, huwa ameugeuza ubeti kuwa wake na kumlenga mlengwa wake mwenyewe. Hadhira nzima husoma ishara hizo. Hapa maoni ya mshabiki hayangoji gazeti la kesho. Hutolewa papo hapo, hadharani, kwa gharama ya mtoaji. Na ina mipaka: anayetunza hamkatizi mwimbaji, hakai mbele kupita kiasi, wala hatamki jina la mtu. Aonyeshaye wazi mno huhesabiwa kuwa hana adabu. Si ajabu kwamba neno tuzo, ambalo siku hizi tunalitumia kwa nishani za waandishi, ni la ukoo wa tendo hilo hilo.

Mfano wa tatu watoka mbali kidogo. Huko Lubumbashi, kikundi cha Mufwankolo kimejulikana kwa michezo ya Kiswahili cha Shaba iliyojengwa bila matini kamili ya maandishi. Waigizaji hukubaliana juu ya kisa, kisha maneno huzaliwa katika mazoezi na mbele ya watu. Mchezo wa namna hii hauwezi kuwa na hadhira bubu, maana kicheko cha watu ndicho kimwambiacho mwigizaji arefushe au akatishe.

Watunzi wetu wakubwa waliyajua haya. Katika miaka ya 1970 Ebrahim Hussein aliigeukia sanaa ya msimulizi katika Jogoo Kijijini, naye Penina Muhando aliweka msimulizi ndani ya Nguzo Mama. Hawakufanya hivyo kwa kupamba tu. Msimulizi hutazama watu usoni, na kwa kuwatazama huirudisha hadhira mahali ilipokuwa kabla taa hazijazimwa.

Kamĩrĩĩthũ: hadhira kama mhakiki

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilifanyiwa mazoezi mwaka 1977 mahali pa wazi, mbele ya kila apitaye. Wanakijiji walisahihisha lugha ya wahusika, walieleza maisha ya kiwandani na shambani, na walikosoa namna mzee anavyoigizwa na kijana. Onyesho lilipofunguliwa kwa kiingilio tarehe 2 Oktoba 1977, wengi walikuwa wakizijua nyimbo kama waigizaji. Ngũgĩ amesimulia kuhusu siku moja mvua ilipolikatiza onyesho mara tatu, na kila ilipokatika watu wakarudi kwenye viti vyao. Hiyo ndiyo adabu ya hadhira: si kunyamaza, bali kurudi.

Tarehe 16 Novemba 1977 kibali cha onyesho kiliondolewa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 kikundi hicho kilinyimwa Ukumbi wa Taifa kwa ajili ya Maitũ Njugĩra, na mwezi Machi ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Serikali hazibomoi majumba ya watu wanaoketi kimya. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa katika Ukumbi wa Taifa, mahali ambapo miaka 40 nyuma wenyewe walikuta mlango umefungwa.

Yako mambo ya kinyume. Mwezi Aprili 2012, katika Globe mpya ya London iliyofunguliwa mwaka 1997, waigizaji wa Afrika ya Mashariki walionyesha Wanawake wa Heri wa Winsa kwa Kiswahili. Wazungu waliosimama uwanjani mchana kweupe, wengi wao bila kujua neno la lugha yetu, walitakiwa wafanye kile ambacho hadhira zetu zimelaumiwa kwa kukifanya: wajibu, wacheke, wakubali kusemeshwa. Waingereza wameujenga upya ukumbi wa namna hiyo kwa gharama kubwa, wakati sisi tungali tunauonea haya urithi wetu.

Hitimisho

Hoja hii isichukuliwe kuwa utetezi wa kila kelele. Simu inayolia katikati ya onyesho si kiitikio; ni mtu aliyeko kwingine. Na zipo tamthilia, Mashetani ya Hussein ikiwa mojawapo, ambazo mazungumzo yake mazito hupotea pasipo utulivu. Kipimo tunachokipendekeza ni kile cha neno hadhira: je, mtu huyu amehudhuria? Mnyamavu anayesinzia hakuhudhuria. Anayejibu kwa zamu yake amehudhuria.

Suala hili lina uzito shuleni. Kila mwaka vikundi huzunguka Kenya vikiwaigizia wanafunzi vitabu vya kutahiniwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Kifo Kisimani, Mstahiki Meya na Kigogo. Aliyeshuhudia maonyesho hayo anajua kwamba wanafunzi hutamka maneno kabla ya mwigizaji, humzomea mhusika mwovu na kumshangilia jasiri. Walimu huwanyamazisha. Kisha darasani twawauliza kwa nini majibu yao juu ya tamthilia ni makavu. Tumewanyang'anya sauti ukumbini, tukawadai sauti katika mtihani.

Katika Kiarabu neno adab lina maana mbili: tabia njema na fasihi. Kiswahili kilichukua maana ya kwanza, na kwa ya pili kikatumia neno fasihi. Huenda utengano huo ndio uliotuwezesha kudhani kwamba adabu ya mtazamaji ni jambo la mlango na viti, lisilohusu sanaa. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi wetu wa utafiti ni kwenda kwenye kumbi, kwenye viwanja vya shule na kwenye taarab, waandike si yale tu yanayosemwa jukwaani bali pia yale yanayojibiwa. Matini ya tamthilia iliyochapishwa bila majibu hayo ni nusu ya tamthilia, na mpaka sasa nusu hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiihakiki.