Shujaa Aliyeniponyoka

Ndugu msomaji, mwaka juzi nilitaka kuandika riwaya ya mtu anayeikatalia serikali kubwa mbele ya macho yake. Nikamchagua John C. Calhoun wa jimbo la South Carolina, Marekani. Usinicheke. Mimi nimeishia kidato cha nne, na bwana huyu nilikutana naye kwenye kitabu kikuukuu nilichonunua kando ya barabara.

Kisa chenyewe kitamu. Mwaka 1828 Bunge la Marekani lilipandisha ushuru wa bidhaa za nje ili kulinda viwanda vya kaskazini. Wakulima wakubwa wa kusini waliuza pamba Uingereza na kununua vitu vya huko, basi wakaona wanakamuliwa. Calhoun, tena akiwa Makamu wa Rais, akaandika waraka wa siri: eti majimbo ndiyo yaliyoiunda serikali kuu, kwa hiyo jimbo laweza kutangua sheria inayovunja katiba.

Mwaka 1832 ushuru ukapunguzwa kidogo. South Carolina haikuridhika. Novemba 24 mkutano wake ukatangaza kwamba kuanzia Februari 1, 1833 ushuru ule hautakusanywa jimboni. Rais Andrew Jackson akawaka. Akajibu kwamba jimbo halina uwezo huo, na kujitenga kwa silaha ni uhaini. Calhoun akajiuzulu, akaenda kupigana kwa maneno katika Seneti.

Mwisho wake? Machi 2, 1833 Jackson alitia sahihi sheria mbili siku moja: moja ya kumruhusu kutumia jeshi, nyingine, iliyosukwa na Henry Clay, ya kushusha ushuru pole pole hadi mwaka 1842. South Carolina ikafuta tangazo lake. Halafu, ili isionekane imeshindwa, ikaitangua ile sheria ya jeshi! Nilicheka peke yangu.

Basi nikaanza sura ya kwanza. Nikamkalisha shujaa wangu barazani, jua linazama, anawaza haki za jimbo lake. Akasikia kiu. Sasa nani amletee maji?

Kalamu ikagoma hapo hapo.

Sensa ya mwaka 1830 ilihesabu watu 581,185 South Carolina. Kati yao 315,401 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu ya jimbo! Mwaka 1822, mjini Charleston, Denmark Vesey na wenzake 34 walinyongwa kwa shutuma za kupanga uasi wa watumwa. Mabwana wakabaki na hofu: serikali kuu ikiweza kuwalazimisha kwenye ushuru leo, kesho itagusa utumwa. Kumbe Calhoun mwenyewe alikiri katika barua ya mwaka 1830 kwamba ushuru ulikuwa kisingizio cha ugomvi tu. Chanzo chake hasa kilikuwa utumwa wa kusini. Desemba 1860 jimbo hilo hilo likawa la kwanza kujitoa, na vita vikafuata.

Nikadhani mambo haya ni ya mbali. Lakini bibi yangu kitambaa cha pamba kisichopaushwa hukiita merikani. Jina hilo lililetwa na meli za Marekani zilizouza Zanzibar nguo za viwanda vya Massachusetts. Mwaka ule ule wa 1833 Sultani Said alifunga mkataba na Wamarekani kule Muscat, ushuru wao asilimia 5. Na pamba ya viwanda vile ilichumwa na watumwa wa kusini.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mimi nilikuwa nimewaandika fahali tu.

Sura ile nimeichana. Riwaya sasa inaanza na yule anayeleta maji, anasimama nyuma ya kiti, anasikiliza mabwana wakisema "haki zetu". Mwandishi mwenzangu, ukilisikia neno hilo, usiandike kitu kabla hujauliza: zetu sisi na nani?