Kinanda Kinachojipiga

Jumapili moja mpiga kinanda hakutokea. Kanisa lenyewe ni la kijijini, juu kidogo ya Usa River, na asubuhi ile Mlima Meru ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Mwinjilisti hakuhangaika. Alichomeka flashi kwenye kinanda, akabonyeza, wimbo ukaanza, sauti zote nne, na kiti cha mpigaji kitupu. Bibi yangu akaniinamia: "Mjukuu wangu, anayepiga ni nani?"

Nikamjibu ni mashine. Jibu la kivivu. Maana faili lile halikuwa na sauti ndani yake. Lilikuwa la midi, mtindo ambao watengenezaji wa vyombo waliafikiana mwaka 1983, na midi haibebi sauti kama MP3. Inabeba amri: bonyeza noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, iachie sasa. Sauti inatoka kwenye kinanda chenyewe.

Na wazo hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1895, kule Detroit, Edwin Votey alitengeneza pianola, kabati lenye vidole vya mbao lililosogezwa mbele ya piano ya kawaida. Badala ya faili kulikuwa na rola ya karatasi yenye matundu. Unakanyaga pedeli, mivukuto inavuta hewa. Tundu la karatasi likikutana na tundu lake kwenye upau, hewa inapenya, vali inafunguka, kimvukuto kinanywea na kidole kinashuka. Tundu refu, noti ndefu. Basi, umeme wa nini? Baadaye mtambo ukahamia ndani ya piano, na mwaka 1908 viwanda vya Marekani vikakubaliana kule Buffalo juu ya vipimo vya rola, ili ya kiwanda hiki ipigike kwenye piano ya kiwanda kile.

Kilichonishika mimi ni Welte-Mignon, ya Ujerumani, mwaka 1904. Hapo mpiga piano mwenyewe alikaa akapiga, na mashine ikaandika alipochelewa, alipoharakisha, alipokazia. Gustav Mahler aliacha rola zake mwaka 1905, Debussy naye akafuata. Wataalamu bado wanabishana nguvu ya vidole ilinaswa kwa usahihi gani, lakini vibonyezo vinashuka, na waliovishusha walishazikwa. Siku hizi rola hizo zinapigwa picha na kugeuzwa midi, kisha piano za kisasa kama Disklavier ya Yamaha zinazipiga kwa sumaku za umeme. Kuna na wanaofanya kinyume: wanafunga vali za umeme mahali pa karatasi, na piano ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza inapiga faili lililotengenezwa jana.

Kwetu mambo yalipita njia nyingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kilichorudi Zanzibar ni sauti kwenye santuri. Na wazee waliita hata gramafoni kinanda, kinanda cha santuri. Kiswahili hakikuuliza kama kuna mtu amekaa mbele yake. Ila wapiga vinanda wa makanisa ya Kilutheri huku Meru, wengi wao hawakuachiwa hata santuri moja. Nota zimo vitabuni. Namna mwalimu fulani alivyousubirisha mstari wa mwisho ili wazee wavute pumzi, hiyo haimo popote.

Ndiyo maana nilimfuata mpigaji wetu wa zamani, aliyestaafu kwa ajili ya macho. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, umekuja na hilo likinanda lenu?" Nilikuwa nalo. Akapiga nyimbo nne, nami nimebonyeza kitufe cha kurekodi. Mafaili yote manne kwa pamoja ni madogo kuliko picha moja ya simu.

Tulipolicheza la kwanza alisimama pembeni, mikono nyuma, akiangalia kiti kitupu. Ubeti wa tatu akatikisa kichwa.

"Hapo nilikosea," akasema. "Nalo limekosea vilevile."

Alitaka nilifute turudie upya. Tulirudia, lakini lile la kwanza bado ninalo.