Mwizi wa usiku na mwizi aliyefungwa kamba

Ndugu wanachama, na ninyi wafadhili mnaotusoma kutoka mbali: tangu wezi waanze kutoboa nyumba za waliorudi, kila mkutano swali ni lile lile. Mwizi akiingia ndani usiku, ninaweza kumpiga mpaka wapi? Na wako wanaoomba sanduku la chama linunulie vijana wa doria mapanga. Mbele ya kupiga kura, tuangalie watu wa zamani walijibu nini.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinatenganisha wezi wawili. Mwizi akipigwa na kufa wakati anavunja nyumba usiku, damu yake haidaiwi. Jua likiisha kutoka, inadaiwa. (Wengi wanaopenda kutuonyesha mstari wa kwanza wanaruka wa pili.) Warumi nao, katika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, karibu miaka 450 mbele ya Kristo, walisema hivyo hivyo: wa usiku anaweza kuuawa, wa mchana hapana, isipokuwa akijitetea kwa silaha.

Juu ya nini usiku? Si kwamba kuku wa usiku ana bei kuliko kuku wa mchana. Gizani mwenye nyumba hajui kama huyu amekuja kuchukua redio ao kuchukua roho, na majirani wamelala. Mchana anaona, anaita watu, watu wanakuja. Ruhusa ilitoka kwa hatari ya mwili, haikutoka kwa mali.

Wabelgiji waliandika jambo hilo katika sheria yao ya 1867. Anayemfukuza usiku mtu anayepanda ukuta ao kuvunja mlango wa nyumba yenye watu anahesabiwa kuwa anajitetea. Lakini ikionekana kwamba hakuweza kuamini kuna hatari kwa watu, ruhusa inaanguka. Sheria ya makosa ya Kongo, ya 30 Januari 1940, haina kifungu cha namna hiyo. Kwetu kujitetea kunakubaliwa na mahakimu kama kanuni ya jumla: hatari iwe pale pale, isiwe ya haki, na jibu lisipite kipimo cha hatari. Usiku umeandikwa mahali pengine, kwenye adhabu ya mwizi. Wizi wa kawaida mwisho ni miaka 5. Wa kuvunja mlango, ao wa usiku ndani ya nyumba ya watu, unaweza kufika miaka 10.

Sasa linganisheni. Anayempiga mtu mpaka akafa, hata kama hakutaka kumuua, ni miaka 5 mpaka 20. Akitaka kuua, ni kifungo cha maisha. Njo maana ile kamba inabadilisha kila kitu. Kabla ya kamba kuna hatari. Mwizi akiisha fungwa, hatari imekwisha, na anayeleta tairi na petroli hajitetei tena.

Tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tunakumbuka sungusungu, wakimbizi wenzetu waliozunguka kambi usiku na fimbo. Jina hilo lilitoka Usukuma na Unyamwezi. Kule, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walikuwa na bunduki zilizosambaa baada ya vita vya Kagera, na wanakijiji walijipanga na upinde, mishale na filimbi. Wengine walipita mpaka, wakaua, wakashitakiwa. Lakini adhabu yao iliyoogopwa sana haikuwa mshale. Ilikuwa kutengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto wala maji. Mwaka 1989 Bunge la Tanzania liliwapa sungusungu uwezo wa kukamata, karibu na ule wa polisi. Kukamata, si kuhukumu.

Na sisi tuliorudi tuko na sababu moja zaidi ya kuogopa kundi. Mtu aliyekaa miaka kumi ng'ambo ya ziwa, nani kwenye avenii anajua uso wake? Akipita usiku karibu na lupango ambalo anagombania na yule aliyelikuta wazi, sauti moja tu ikisema "mwizi!" inatosha. Atasema jina la baba yake, na hakuna atakayelisikia.

Najua jibu lenu: tunampeleka polisi, kesho kutwa yuko sokoni. Ni kweli, na mara nyingine pesa imepita. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inakataza polisi kumweka mtu kasho zaidi ya saa 48. Wakati huo ukiisha, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya sheria. Aliyeibiwa asipofika kusema, parke inashika nini? Na mara nyingi hafiki, juu parke iko mbali na nauli ya pikipiki ni ghali kuliko ile sufuria iliyoibwa.

Sheria ya mwenendo wa kesi, ya 6 Agosti 1959, inaruhusu raia yeyote kumshika mtu aliyekutwa ndani ya kosa lenye adhabu ya miaka 3 ao zaidi, kama OPJ hayuko pale, na kumpeleka mara moja kwa aliye karibu. Kwa hiyo ninaleta pendekezo hili kwenye mkutano ujao: sanduku linunue filimbi na tochi, mapanga hapana, na pesa inayobaki ilipe nauli ya aliyeibiwa na shahidi wawili mpaka parke, kwenda na kurudi.