Ukuta Usiojua Saruji

Kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, mwendo wa kilomita 46 hivi, ziko kuta za Thimlich Ohinga. Zilijengwa yapata miaka 500 iliyopita kwa mawe matupu, bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha. Fundi alipanga mawe makubwa safu mbili, ya nje na ya ndani, kisha akajaza mawe madogo katikati na kuyashindilia, hadi uzito wa ukuta ukawa ndio unaoushikilia. Mahali pengine ukuta unafika mita 4 na zaidi kwenda juu, na milango ni mifupi kiasi kwamba anayeingia lazima ainame, jambo lililomweka adui pabaya. Maboma ya namna hii ni zaidi ya 500 katika eneo la Nyanza Kusini, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka Thimlich katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sifa zimeuendea ufundi na umri, na ni haki. Lakini kuta hizo, pamoja na vibanda vilivyosimama ndani yake, zina pia ushahidi ambao mwekezaji wa majengo wa leo anauhitaji anapojiwekea lengo la kupunguza gesi joto.

Ushahidi umo katika tofauti kati ya ukuta na nyumba. Ukuta ulirithiwa na kukarabatiwa na jamii moja baada ya nyingine, kwanza wasemaji wa lugha za Kibantu na baadaye Waluo, hadi wakazi wa mwisho walipohama katika karne ya 20. Nyumba zilikuwa za fito, udongo na nyasi, wala hazikukusudiwa kudumu. Kwa desturi ya Waluo, nyumba imefungamana na mwenyewe. Mwana aliyekwisha kuoa hutoka kwa baba yake akaanzishe dala lake, yaani boma la familia yake. Wazee wakishafariki, nyumba yao hapewi mtu mwingine, huachwa ianguke. Mahali hapo huwa gunda, na udongo wake, ulioshiba samadi na majivu ya miaka mingi, hulimwa. Kilichopaswa kukaa vizazi kilijengwa kwa jiwe, na kilichopaswa kuondoka na mwenyewe kilijengwa kwa vitu vinavyooza na kuota tena. Umri wa jengo ulilingana na umri wa vifaa vyake.

Ulinganifu huo ulivunjika taratibu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na vyombo vya Ziwa Victoria vikasambaza shehena hadi Nyanza Kusini. Waadventista wakafungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mabati yaliyokuja kwa njia hizo yakawa alama ya mtu aliyejikwamua. Kampuni ya East African Portland Cement ikaanzishwa 1933, na Bamburi ikaanza kuzalisha saruji 1954. Saruji hupikwa kwenye tanuri la nyuzi 1,450 hivi, na zaidi ya nusu ya hewa ukaa inayotoka hapo haitokani na moto. Hutoka ndani ya mawe ya chokaa yanapovunjika kwa joto. Baada ya hapo mfuko unaotoka kiwandani Athi River una zaidi ya kilomita 300 za lori hadi Migori. Ila desturi haikuhama pamoja na vifaa. Kila mwana bado anaanzisha dala lake, sasa kwa zege, na nyumba nyingi za wanaofanya kazi Nairobi hukaa zimefungwa zikisubiri Desemba au matanga.

Mjini, tatizo ni lile lile kwa sura nyingine, nalo limo katika namna mwekezaji anavyopima lengo lake. Mpango wa kimataifa wa malengo yanayozingatia sayansi, SBTi, ulioanza 2015, hukagua kama lengo la kampuni linaendana na kuzuia ongezeko la joto la dunia lisipite nyuzi 1.5. Vigezo vyake vya majengo, vya mwaka 2024, vinatenganisha hewa ukaa inayotoka jengo likitumika na ile iliyotoka likijengwa. Huko Ulaya, kwenye baridi na gesi ya kupashia nyumba joto, ile ya kwanza ni mzigo mkubwa. Kenya hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, na Homa Bay hakuna anayewasha gesi ili alale. Mwekezaji anayeiga hesabu ya London atasifiwa kwa taa na mita, ilhali mzigo umelala ndani ya nguzo na nondo. Na hata akipima kilo za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba, kipimo hicho hakisemi kama jengo litasimama miaka 30 au 100. Hilo ndilo pengo ambalo wajenzi wa Thimlich hawakuliacha.

Wapo watakaosema mchango wa Kenya katika joto la dunia hauifikii hata asilimia 1, kwa hiyo tuachwe tujenge. Wanayo hoja kuhusu familia, na sioni sababu ya kumhesabia mjane mifuko yake ya saruji. Lakini lengo ninalolizungumzia ni la mwenye mtaji, anayeweza kujenga mamia ya vyumba kwa ramani moja. Wengine watauliza kama tunarudishwa kwenye nyasi. La. Nyumba ya udongo ilivuja, ilihitaji kukandikwa kila mara, na kazi hiyo iliwaangukia wanawake. Wala tofali la kuchoma si jibu, maana linakula miti. Msingi na fremu vinastahili saruji, mradi vichorwe ili kuta za ndani zihamishwe matumizi yakibadilika, jengo lisibomolewe. Kuta zenyewe zinaweza kuwa za matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, yenye saruji kidogo na yasiyohitaji hata ukuni mmoja.