Kutoka Kariakoo kwa Miguu: Mashamba Yaliyobaki Kwenye Majina



Kila msimu wa harusi boti za asubuhi kutoka Unguja hujaa wanawake wenye orodha mkononi. Doti za kanga, vyombo, mashuka, udi, viatu vya bi harusi, vitambaa vya masomo na mashangazi. Wote safari yao ni moja, Kariakoo. Wanashuka bandarini, wanapanda bajaji mpaka Mtaa wa Kongo, wanapigania bei hadi sauti inakauka, na jioni wanarudi na mabegi. Mji wenyewe hawauoni.

Basi leo nataka tutembee. Kama mmelala Dar na kesho yake hamna haraka, tokeni wawili au watatu alfajiri baada ya sala, kabla jua halijapanda, viatu viwe bapa. Njia ni fupi: Mnazi Mmoja, Kariakoo, bonde la Msimbazi, Magomeni hadi Mwembechai. Hata ukijikongoja haizidi saa mbili. Siku hizi ni lami na ghorofa tupu, lakini babu wa babu zetu wangeipita njia hii, wangekuwa wametoka mjini na kuingia shamba.

Na lile shamba lina mkono wa kwetu. Kabla ya mji palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, Mzizima, chenye Washomvi pwani na Wazaramo kwa ndani. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga hapo mji mpya na kuuita Dar es Salaam. Jengo la Old Boma, karibu kabisa na pale mnaposhukia boti, ni la wakati wake, la 1866 na 1867, na milango yake ya nakshi ukiiona utadhani uko Mji Mkongwe. Nyuma ya mji ikapandwa minazi. Wenye mashamba wengi walikuwa watu wa Unguja na Waarabu, na waliolima walikuwa watumwa. Hilo tusilipite juujuu kwa kuwa ni habari ya zamani. Tunapenda kusema mji ule tuliujenga sisi. Basi tuseme na nani alibeba mawe na nani alichimba mashimo ya minazi. Majid alifariki 1870, ndugu yake Barghash hakuushughulikia sana mji, nyumba zikaanza kubomoka, minazi ikaendelea kuzaa.

Anzeni Mnazi Mmoja. Jina mnalijua, kwetu pia lipo, na bahati mbaya historia yake nayo inafanana. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari ya mashariki, Wahindi na maduka katikati, Waafrika nyuma. Mpango huo uliandikwa na Wajerumani, Waingereza wakaurithi, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na mtaa wa Waafrika. Walisema ni kwa ajili ya afya. Sisi wa Ng'ambo, tuliotenganishwa na Mji Mkongwe kwa maji ya pwani, hatuhitaji kufafanuliwa.

Uwanja huu umekaa kati ya majina mawili. Upande wa mjini ni Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Upande wa Kariakoo ni Mtaa wa Lumumba, zamani New Street, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam 1926, mtoto wa Kiislamu wa mjini, na watu walimjua kwanza kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, hakuanza na mikutano ya hadhara. Aliziendea ngoma za wanawake. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, na kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi kizima kinakuja. Katika miezi michache tu maelfu ya wanawake walikuwa na kadi, wengi wao wapika vitumbua, wauza maandazi, wenye nyumba za kupangisha, wanawake wa buibui na kanga. Dada zangu, tukiambiwa mwanamke wa pwani alikaa ndani akisubiri kuletewa uhuru, tuwaonyeshe barabara hii.

Sasa ingieni Kariakoo. Kabla ya Vita Kuu vya Kwanza hapa palikuwa shamba la minazi la Mjerumani mmoja. Serikali yao ikalinunua ili ijenge mtaa wa Waafrika, ikachora mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, ikaanza na jengo la soko. Vita vikaingia kabla soko halijauza hata fungu la mchicha. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaligeuza eneo kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukaifanya Kariakoo. Kwa hiyo na ule uwanja wetu wa Unguja tunakopeleka watoto bembea siku ya Idd, na mtaa wa Kariokor kule Nairobi, chanzo cha jina ni hicho hicho: wanaume waliochukuliwa vijijini wakabebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Ukitaka kaburi lao, soma vibao vya mitaa. Mahiwa, Narung'ombe, Tandamuti. Wauzaji watakuelekeza, "Nenda Narung'ombe, pazia ziko bei chee," na hakuna anayekumbuka kwamba hayo ni majina ya mapigano ya kusini, ya mwaka 1917. Mahiwa peke yake, mwezi wa Oktoba, ilikuwa miongoni mwa siku zilizoua zaidi katika vita vyote vya Afrika Mashariki. Mjini, Mtaa wa Samora, iko sanamu ya askari iliyowekwa 1927, na maandishi yake kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanawataja na wapagazi. Wajane wao sijaona walipotajwa.

Soko lilifunguliwa baada ya vita, katika miaka ya 1920. Jengo mnalolijua nyinyi, lenye Shimoni chini, ni la Beda Amuli, msanifu majengo wetu wa mwanzo, na lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. Tazameni juu: zege limetanuka kama miti, kana kwamba mwenyewe alitaka wauza ndizi wakae kivulini kama walivyokaa siku zote. Moto uliliunguza Julai 2021.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye habari ya kila bi harusi.

Mitaa hii haikujengwa na serikali. Ilijengwa na watu, nyumba moja moja, kwa miti na udongo kwanza, kisha kwa tofali. Nyumba ya Kiswahili mnaijua: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma wa kupikia na kufulia. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, vingine hupangisha. Na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Fedha zilitoka kwenye vitumbua, uji, mkaa, mahari iliyowekwa isiliwe, dhahabu iliyouzwa, au fungu la urithi wa baba. Mwanamke aliyeachwa, na pwani yetu talaka hazikuanza jana, alikuwa na pa kurudi bila kumpigia mtu magoti. Alikuwa na kodi ya mwezi. Ndiyo maana Bibi Titi alipobisha hodi, aliyefungua mlango hakuhitaji kwanza kumuomba mtu shilingi ya kadi.

Leo ngapi zimebaki? Pitieni Mtaa wa Sikukuu, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Nyamwezi, muhesabu. Tangu miaka ya 1990 ghorofa zimezila. Kiwanja ambacho bibi alikinunua kwa senti za maandazi kinauzwa sasa kwa fedha ambazo yeye hakuweza hata kuzitamka. Kuuza si haramu. Lakini tunajua mambo yanavyokwenda. Bibi amefariki, warithi wanakutana, wajomba wanazungumza ukumbini, mashangazi wako uwani wanakuna nazi. Hati inatiwa saini. Siku ya kugawana, shangazi anaambiwa "wewe una mume" na anapewa cha kumfuta machozi. Suratun-Nisaa imeyaweka mafungu wazi, na la mwanamke limetajwa, liwe dogo au kubwa. Mahari nayo ni mali ya mke, si ya baba yake wala ya mumewe. Hatukosi elimu ya jambo hili, maana kila darasa la wanawake linalisomesha. Tunachokosa ni mwanamke kukaa ukumbini siku karatasi zinapoletwa. Mimi nikimuona bi harusi anahesabu seti za vikombe Mtaa wa Kongo, moyoni huwa natamani angehesabu na hilo.

Haya, tuendelee. Shukeni na Mtaa wa Msimbazi mpaka Fire, kisha muifuate Barabara ya Morogoro. Hapo ardhi inainama na upepo unabadilika. Ni Jangwani, bonde la mto Msimbazi. Zamani mji uliishia hapa. Ukivuka, ulikuwa kwa Wazaramo: mihogo, mpunga wa bondeni, mikorosho, miembe. Wanawake walipanda na mizigo kichwani kuja sokoni, nazi, makuti, embe, majani ya kisamvu, wakarudi na chumvi na mafuta ya taa. Wenyewe mto haujakubali kwamba ni mji. Desemba 2011 ulijaa ukaua watu na kufukuza familia, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na kila masika yakiwa makubwa barabara hii hufungwa. Usisimame sana darajani, harufu haipendezi.

Katika vijiji vya ng'ambo hii mwali wa Kizaramo aliwekwa ndani miezi, wengine zaidi ya mwaka, akifundwa na wakubwa wake. Alikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono, akikitunza na kukipaka mafuta kama mtoto, na kikirithiwa katika ukoo. Mtafiti Marja-Liisa Swantz aliyaandika mengi ya mila hizo alipoishi Bunju miaka ya 1960. Kinyago hatukichukui, dini yetu inajulikana. Ila lile wazo la msichana kupewa muda, akakaa na wanawake wanaompenda wakamwambia ukweli wa ndoa, sisi tuna somo wetu, wao wana kungwi, na wote wawili wanashindwa siku hizi na sherehe ya saa tatu yenye mshereheshaji na spika.

Mkipanda upande wa pili mko Magomeni. Serikali ya kikoloni ilianza kupajenga hasa miaka ya 1950, Kariakoo na Ilala zilipokwisha kufurika. Mwaka 1957 jiji zima lilikuwa na watu karibu 129,000. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3, na ukisimama Mapipa saa moja asubuhi utahisi wote wamepita hapo. Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere baada ya kuacha ualimu Pugu iko Mtaa wa Ifunda, ni makumbusho sasa. Watu huenda kutazama kitanda na redio yake. Mimi nawaambia muulize habari za Mama Maria, aliyeuza mafuta ya taa dukani ili nyumba ile ile, isiyokuwa na mshahara wa mwalimu tena, ipate kula. Mbele kidogo ni Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilibomolewa, wenyewe wakasubiri takriban miaka kumi, na Machi 2022 Rais Samia akafungua maghorofa ya kaya 644.

Kutoka hapa sikilizeni majina. Mikumi, Mwembechai, Mkwajuni, na nyuma yetu tulikotoka, Mchikichini. Mbali kidogo Mikocheni, iliyojaa mikoche kabla ya kujaa mageti. Anayeyasema ni kondakta, hajui kama anaitaja bustani. Huo ndio ushahidi uliobaki kwamba hapa palikuwa shamba, na kila mti ulikuwa alama ya njia: kata kwenye mkwaju, pumzika kwenye mwembe.

Mwembechai ina kumbukumbu nyingine, na Muislamu hapiti bila kuikumbuka. Februari 1998 polisi walifyatua risasi kwenye vurugu zilizouzunguka msikiti wa hapo, na watu waliuawa. Someni Fatiha, muendelee.

Kituo cha mwendokasi kiko papo hapo katikati ya barabara. Kateni tiketi ya Kivukoni, na kama kuna kiti, kaeni upande wa dirisha. Mtarudi njia ile ile mliyoitembea, Usalama, Mapipa, Jangwani, Fire, kwa dakika chache tu. Kabla ya Posta ya Zamani kuna kituo cha Kisutu. Mwenye kuhitaji kanga ya kisutu kwa ajili ya bi harusi, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe isiyokuwa na maneno, asishuke hapo kwa sababu ya jina. Arudi kwa wauza kanga, aulize bei mara tatu, na boti ya jioni asiikose.