Lawalawa na Vyama vya Kuwalinda Watoto wa Singida

Kila inapowadia tarehe 6 Februari, ambayo tangu mkutano wa Addis Ababa wa mwaka 2003 imekuwa siku ya kupinga ukeketaji, hotuba husomwa mkoani Singida kama zisomwavyo kwingineko, na takwimu hutajwa. Lakini ni nadra kumsikia mtu akisimulia ilikuwaje hata wananchi wakalazimika kuunda vyama vyao wenyewe vya kuwahifadhi watoto, ilhali serikali ilikuwapo, sheria zilikuwapo, na misikiti na makanisa yalikuwapo. Habari hiyo haikuanzia katika ofisi ya shirika lolote. Ilianza na maradhi yaliyoitwa lawalawa.

Zamani, miongoni mwa Wanyaturu wa Singida, kumkeketa msichana lilikuwa jambo la unyago, lenye msimu wake, ngoma zake na wageni wake. Marguerite Jellicoe, katika kitabu chake The Long Path kilichotoka mwaka 1978 juu ya Wanyaturu wa eneo la Wahi, ameeleza kwa kirefu jinsi mambo ya wanawake yalivyokuwa na faragha yake na mamlaka yake, ambayo wanaume hawakuyaingilia. Wamisionari wa Kilutheri kule Iramba, na Wakatoliki pia, waliihubiria jamii iache baadhi ya mila hizo. Wako waliosikia, na wako waliokwenda kanisani asubuhi na ngomani jioni.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, viongozi wakiwa wamejaa hamu ya kujenga taifa jipya, ukeketaji ulikatazwa katika mikoa ya kati, Dodoma na Singida. Haukupita muda mrefu, katika miaka ya mwanzo ya 1970, zikaenea habari za ugonjwa uliowashika wanawake na watoto wa kike sehemu za siri: muwasho, usaha, maumivu wakati wa haja ndogo. Wazee walisema kuwa mizimu imeghadhibika kwa kuachwa kwa mila, na kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni wembe. Ukweli wa kitabibu ulikuwa mwingine kabisa. Lawalawa halikuwa jina la ugonjwa mmoja, bali la maambukizi mbalimbali ya uke na ya njia ya mkojo, ambayo hutibika kwa dawa za hospitali na kuzuilika kwa maji na sabuni. Na katika nchi kame kama ile, ambako mwanamke hufukua mchanga wa korongo ili apate ndoo moja ya kupikia, kunywa na kuogeshea watoto, si ajabu maambukizi hayo yakawa mengi. Lakini nani aliyekwenda kijiji kwa kijiji kuyaeleza hayo? Amri ilifika upesi kwa gari la serikali. Maelezo yalichelewa miaka mingi, na katika nafasi iliyobaki baina ya hayo mawili lawalawa ikamea na kustawi.

Matokeo yake yalikuwa mazito kuliko mila yenyewe ya awali. Kwa kuwa ngoma ilikuwa imekatazwa, na kwa kuwa sasa jambo lenyewe liliitwa tiba, halikuwa na haja tena ya kungoja binti akue. Lilihamishiwa kwa kichanga. Mtoto wa wiki chache hupelekwa chumbani na bibi yake, pasipo ngoma wala mgeni. Na imeripotiwa mara kadhaa kwamba wako mangariba waliofuga kucha ili waifanye kazi hiyo kwa kidole, wasikutwe na wembe mkononi. Mtoto akitokwa damu hata kufa, huzikwa kama walivyozikwa wachanga wengine, na jirani husema ni homa.

Ndiyo maana sheria, ilipokuja, ilikuta mlango umefungwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, ikaweka kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au adhabu zote mbili. Faini hiyo ni dhihaka kwa mtoto aliyejeruhiwa maisha yake yote. Hata hivyo, tatizo kubwa zaidi lilikuwa ushahidi: aliyetendewa hajui kusema, na wanaojua kusema ni mama, bibi na shangazi, yaani walewale waliomshika miguu. Polisi hawezi kuingia chumbani humo. Jirani anaweza.

Kutokana na dharura hiyo vikazuka vyama. Katika miaka ya 1990 mtandao wa kupinga ukeketaji wa AFNET, ulioongozwa na Sara Mwaga, ulianza kazi Dodoma na kuieneza hadi Singida; na Singida yenyewe ikapata mashirika yake, yakiwamo Save the Mother and Children of Central Tanzania na Empower Society Transform Lives. Msomaji asidhani kuwa kuunda chama ni jambo jepesi. Watu hukutana, huandika katiba na muhtasari wa kikao, huomba barua kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kisha hungoja cheti chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Na baada ya yote hayo, kazi yenyewe ni kuketi kwenye kigoda cha bibi wa watu na kumweleza, kwa staha, kwamba muwasho wa mjukuu wake ungeponywa zahanati.

Kazi hiyo imezaa matunda. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010, asilimia 51 ya wanawake wa Singida walikuwa wamekeketwa. Katika ule wa 2015-16 walikuwa asilimia 31. Lakini hesabu hizo huchukuliwa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, na kwa hiyo kichanga aliyekeketwa mwaka 2015 hataingia humo kabla ya mwaka 2030. Anayezishangilia leo anashangilia habari za zamani.

Tangu mpango wa taifa wa 2017/18 wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kamati za ulinzi zimeagizwa kuundwa hadi vijijini, na simu ya msaada kwa watoto, 116, hupigwa bure. Ni jambo jema. Ila kamati hizo aghalabu hazina fungu, na vyama hufuata ratiba ya mfadhili: mradi ukiisha, pikipiki huegeshwa na mwelimishaji hurudi shambani kwake. Halmashauri zenye fedha za mbio za mwenge haziwezi kukosa nauli ya mjumbe wa kamati anayempeleka mtoto aliyeumizwa kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, kisha hospitali ya wilaya. Fungu hilo liandikwe katika bajeti, kwa jina lake.